Mwanangu anatumia mkono wa kushoto na bibi yake anaufunga kitambaa: nani alituambia kwamba mkono huu ni mbaya?

MamaWawili_Nzuguni aliandika:

Wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Nina binti wa miaka saba na nusu anayesoma darasa la pili katika shule moja ya msingi hapa Dodoma mjini. Tangu alipoanza kushika vitu kwa kukusudia, mkono wake unaotangulia ni wa kushoto: ndio unaoshika kijiko, kalamu na ufagio, na ndio anaourushia mpira wanapocheza rede. Mimi na baba yake hatukulitilia maanani jambo hilo, kwa sababu mtoto ni mwepesi, anaelewa masomo, na mwandiko wake unasomeka.

Likizo ya Desemba alikwenda kukaa na mama yangu kijijini Mvumi. Aliporudi, niliona kwamba kila anapozungumza na mtu mzima anauweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Nilimwuliza kwa upole, akanieleza kwamba bibi alikuwa akiufunga kwa kipande cha kanga wakati wa kula na wakati wa kuandika, na alimweleza kuwa huo ni mkono wa chooni, haupelekwi mbele za watu. Shule zilipofunguliwa, mwalimu mmoja naye akamgonga vidole kwa rula kwa sababu hiyohiyo, ingawa mwaka mzima uliotangulia hakuna aliyemsumbua.

Sitaki mtu amfikirie mama yangu kuwa ni mkatili. Ndiye aliyenilea mimi na ndugu zangu watano katika miaka ya njaa, na mjukuu huyu anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Alichokifanya ndicho alichofanyiwa kila mtoto wa kizazi chake aliyezaliwa hivyo, na kwake ni sehemu ya malezi kama kufundisha shikamoo.

Kilichoniondolea usingizi ni swali la mtoto mwenyewe. Juzi usiku, nikimwogesha, aliniuliza: "Mama, mkono huu uliharibika lini?" Sikuwa na jibu. Mtoto huyu alizaliwa na viungo vyote vikiwa vizima, na ndani ya mwezi mmoja amefundishwa kuona kwamba kimojawapo ni kibovu, na amekubali.

Naomba mnisaidie mambo mawili. La kwanza, nimwache alivyo au nimbadilishe angali mdogo? La pili ndilo linalonisumbua zaidi: inakuwaje jamii nzima ikaamua kwamba nusu ya mwili ni safi na nusu nyingine ni chafu, wakati zote zinaoshwa kwa maji yaleyale? Mama yangu ana alama ya duara kwenye paji la uso, kama walivyo nayo wazee wengi wa Kigogo, na masikio yake yalitobolewa yakatanuliwa alipokuwa msichana. Enzi zake hayo yalikuwa mapambo ya mtu aliyelelewa vizuri. Leo akija mjini watoto wa jirani humtazama kama kioja, naye hushusha ushungi. Nashindwa kuelewa jinsi mtu aliyeonja kuonewa haya kwa mwili wake anavyoweza kumfanyia hivyo mjukuu.

Mwalimu_Mstaafu_Kongwa alijibu:

Mama, pokea pole yangu, na pokea pia ungamo langu. Nilifundisha shule za msingi kwa miaka thelathini na minne, na katika kumi ya mwanzo niliwagonga vidole watoto wa mashoto bila kujiuliza. Hakuna mwongozo wa wizara ulioniagiza. Nilifanya hivyo kwa sababu nami nilimwona mwalimu wangu akifanya. Nikikumbuka sasa, watoto wale hawakuwa wakaidi hata kidogo. Walikuwa wakihamisha kalamu kwenda kulia kila niliposogea, na wakiirudisha kushoto kila nilipogeuka kuandika ubaoni, na kumbe walichokuwa wakijifunza siku nzima ni kunichunga mimi badala ya kujifunza herufi. Mmoja wao nilikutana naye miaka mingi baadaye, fundi seremala hodari, akanisalimu kwa heshima zote, nami nikashindwa kumtazama machoni.

Kuhusu huyo mwalimu wa rula, usinyamaze. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, kwa kosa kubwa la nidhamu, na viandikwe katika daftari maalumu. Kushika kalamu kwa mkono ambao Mungu aliutanguliza si kosa la nidhamu, na kugonga vidole kwa rula hakumo kabisa katika kanuni hizo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha. Nenda kwa mwalimu mkuu kwa adabu, mweleze jambo lenyewe, usianze kwa kutaja sheria. Ikibidi utaitaja baadaye.

Sasa nikupe yale niliyojifunza nikiwa nimechelewa. Mtoto wa mashoto akikaa katikati ya dawati, kiwiko chake kitagongana na cha mwenzake wa kushoto, wote wawili watachafua daftari, na lawama itakuwa yake. Mwombee nafasi ya mwisho upande wa kushoto wa dawati, hapo ugomvi utakwisha siku hiyohiyo. Daftari lisikae katikati ya kifua chake, bali lisogee kushoto kidogo, kisha lizungushwe kidogo kama mkono wa saa unavyokwenda, ili aone anachoandika bila kukunja kifundo cha mkono kama ndoano. Kalamu aishike juu kidogo kuliko wenzake, kiasi cha upana wa vidole viwili kutoka kwenye ncha, vinginevyo mkono utafuta wino kadiri anavyoandika. Kalamu ya risasi humfaa zaidi kwa sasa.

Na kama mama yako ni mtu wa kanisani, kama walivyo wazee wengi wa Mvumi, msomee Waamuzi sura ya 20, mstari wa 16. Wabenyamini walikuwa na mashujaa mia saba wa mkono wa shoto ambao wangeweza kulenga unywele kwa jiwe la kombeo wasikose. Biblia haiwataji kwa aibu.

Abu_Suhayla_Kondoa alijibu:

Assalaam alaykum. Nitasema tofauti kidogo na mwalimu, na naomba nisieleweke vibaya.

Mkono wa kulia haukupewa heshima bila sababu. Sisi Waislamu tumeelekezwa na Mtume (S.A.W.) kula na kunywa kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukaachiwa kazi ya kujisafisha. Nyumba nyingi za eneo letu la kati, za Waislamu na za Wakristo, bado zinakula ugali wa mtama au uwele na mlenda kutoka chombo kimoja, kila mtu akitumbukiza mkono wake. Kwa watu wanaokula pamoja hivyo, tena mahali ambapo ndoo ya maji ilikuwa ikifuatwa mwendo wa saa mbili, kuutenga mkono mmoja kwa ajili ya chakula ni busara iliyookoa matumbo ya watu. Bibi anapomkataza mjukuu kutia mkono wa kushoto kwenye bakuli la mboga, mimi nasimama upande wake. Vilevile kumpa mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu kwa watu wetu wote, na mtoto akikua bila kulijua hilo ataumia yeye.

Lakini kalamu ni jambo jingine. Nimefundisha madrasa kwa muda mrefu, na niliwahi kuwa na kijana wa mashoto ambaye ubao wake ulikuwa safi kuliko wa wenzake wote. Nilichunguza nikagundua sababu. Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo mkono wa kushoto hutangulia mbele ya maandishi na haupiti juu ya wino, ilhali sisi tunaotumia mkono wa kulia tunaburuta kiganja juu ya herufi mbichi. Kama jambo lenyewe lingekuwa la wepesi wa kuandika tu, basi Waarabu wangekuwa wa kwanza kuandika kwa kushoto. Hawakufanya hivyo. Nilipolitafakari hilo ndipo nilipokubali kwamba tuliipokea adabu ya chakula, ambayo ina maana yake, tukaitandaza juu ya kila kazi bila kuuliza kama inahusika. Simfundishi mtu fatwa, kwa maana mimi si mufti. Nasema nilichokifanya: yule kijana nilimwacha aandike kwa kushoto, na chakula nikamsisitizia kulia.

Msomaji_wa_Nkuhungu alijibu:

Swali la pili la dada ndilo linalonigusa, kwa kuwa nimelisoma kwa miaka kadhaa chuoni.

Tuanze na maneno yetu wenyewe, kwa sababu yanafichua mengi. Tunasema "mkono wa kulia", yaani mkono wa kulia chakula. Tunasema pia "mkono wa kuume", na ndani ya neno hilo limo "-ume", la mume na mwanamume. Kamusi za zamani za Kiswahili zinauita mkono wa kushoto "mkono wa kike". Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili, kabla hajafundishwa lolote na bibi yeyote, amekwisha kuukuta mwili wake umegawanywa na lugha: upande mmoja wa chakula na wa kiume, upande mwingine wa kike. Wakristo hukiri kila Jumapili kwamba Kristo ameketi kuume kwa Mungu Baba, na katika Injili ya Mathayo kondoo husimama kuume na mbuzi kushoto. Anayekua akiyasikia hayo hawezi kuutazama mkono wake wa kushoto kwa jicho tupu.

Kwa Wagogo jambo hili limeandikwa. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti wake Ugogo, alichapisha makala mwaka 1966 kuhusu jinsi Wagogo walivyopanga mambo ya ulimwengu kwa jozi, na jozi ya mkono wa kuume na wa kike ilikuwa mojawapo ya nguzo za mpangilio huo. Hapo naomba tusimame kidogo, maana ndipo ninapotofautiana kwa heshima na ndugu yangu wa Kondoa. Ikiwa usafi ndio sababu ya asili, kwa nini upande wa kushoto uitwe wa kike? Mwanamke ndiye aliyepika huo ugali, kwa mikono yake yote miwili. Naona kwamba jamii iliyokuwa tayari imemweka mwanamume juu ya mwanamke iliutumia mwili kama ubao wa kuandikia mpangilio huo, kisha vizazi vilivyofuata vikausoma ubao na kudhani ni maumbile. Usafi ulikuja kuongeza nguvu ya hoja, na sikatai kwamba una faida zake.

Mfaransa Robert Hertz aliliona hili mapema, katika insha yake ya mwaka 1909 kuhusu kutukuzwa kwa mkono wa kulia. Hakukana kwamba watu wengi huzaliwa wakielemea kulia. Alichouliza ni kwa nini tofauti ndogo ya maumbile igeuzwe kuwa amri, hata wanaozaliwa wakielemea upande mwingine walazimishwe. Hertz alikufa vitani mwaka 1915 akiwa kijana, na rafiki yake Marcel Mauss akaendeleza njia hiyo ya kufikiri. Mwaka 1934 Mauss alitoa mhadhara akieleza kwamba hata kutembea, kuogelea, kulala na kuchimba tunajifunza kutoka kwa jamii. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliona wanajeshi wa Kiingereza wakishindwa kutumia masepetu ya Kifaransa, hadi ikabidi kubadilisha masepetu 8,000 kwa kila divisheni waliyobadilishana nayo zamu. Mikono ilikuwa ya binadamu walewale, udongo uleule, lakini miili ilikuwa imefundishwa mahali tofauti. Baadaye alilazwa New York, akawatazama wauguzi wakitembea, akahisi amewahi kuuona mwendo ule, kisha akakumbuka kwamba aliuona kwenye sinema. Aliporudi Ufaransa akawakuta wasichana wa Paris wanatembea vilevile.

Tazameni hata sisi. Mtu wa hapa akimpa mzee kitu hukitoa kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto hukishika kiwiko au kigasha cha ule wa kulia. Hakuna aliyezaliwa akijua hivyo, lakini mkifanya jaribio la kumpa mzee kitu kwa kushoto, mtahisi mwili wenyewe unakataa kabla akili haijasema neno. Ndiyo maana mama wa dada hakuhitaji sababu. Mwili wake ulikwisha kumwambia kwamba kuna jambo halijakaa sawa.

Mtaabibu_Makole alijibu:

Nafanya kazi na watoto wenye matatizo ya viungo, hivyo nitajibu lile swali la kwanza, kwa sababu limeanza kusahaulika.

Dada, mkono wa mwanao haukuharibika siku yoyote, na unaweza kumwambia hivyo ukiwa na hakika. Uelekeo wa mkono huanza kuonekana mtoto akiwa bado tumboni. Mtafiti Peter Hepper na wenzake waliwatazama kwa ultrasaundi watoto wakinyonya dole gumba tumboni, kisha wakawafuatilia walipokua. Mwaka 2005 walitoa matokeo ya watoto 75: wale 60 waliokuwa wakinyonya dole gumba la kulia wote walikua wakitumia mkono wa kulia, na kati ya 15 waliokuwa wakinyonya la kushoto, 10 walikua wakitumia kushoto. Hapo hapakuwa na bibi wala mwalimu. Chanzo chake kimo katika ukuaji wa ubongo, na urithi unachangia kwa kiasi fulani, ingawa si kwa namna ya kwamba mzazi wa mashoto lazima azae mtoto wa mashoto.

Idadi yao si ndogo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni mbili, ulikadiria kuwa kiasi cha watu 10.6 katika kila 100 ni wa mashoto. Katika darasa la watoto sabini, mtegemee watoto saba hivi. Msipowaona, msidhani hawapo. Nchini Uingereza, miongoni mwa watu waliozaliwa karibu na mwaka 1900, walioandika kwa kushoto walikuwa kama 3 tu katika kila 100, na katika vizazi vya baadaye, shule zilipoacha kuwalazimisha, wakapanda hadi kama 11. Maumbile ya Waingereza hayakubadilika ndani ya karne moja. Kilichobadilika ni macho ya waliokuwa wakiwatazama.

Kuhusu kumbadilisha, ushauri wangu ni kutombadilisha. Wapo wanaosema kwamba kumlazimisha mtoto husababisha kigugumizi, na mfano wa Mfalme George wa Sita wa Uingereza hutajwa sana, lakini uhusiano huo haujathibitishwa na sitautumia kukutisha. Ninachokiona kazini kinatosha: mtoto huchelewa kuandika, huchoka upesi, huchukia daftari, na huanza kujiona mzito wakati si mzito.

Jambo moja la tahadhari kwa wazazi wengine wanaosoma hapa. Mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapaswi kuwa na mkono anaoupendelea waziwazi. Ukiona anatumia mmoja tu na mwingine ameukunja ngumi au ameuacha unaning'inia, mpeleke kliniki mapema, kwa sababu huenda ule asioutumia una udhaifu. Hali hiyo haihusiani na mtoto wa dada yetu.

Kijana_wa_Singida alijibu:

Nami nichangie kwa ufupi, kwa mwili wangu mwenyewe. Nimekulia kijiji ambacho maji ya kisima chetu yana floraidi nyingi, na meno yetu wote yana rangi ya kahawia tangu yalipoota. Hadi nafika kidato cha sita sikuwahi kujua kwamba meno yangu yana kasoro, kwa sababu baba, mama, mwalimu na mchumba wa kaka yangu walikuwa nayo vilevile, na mtu mwenye meno meupe kabisa tulimtambua mara moja kuwa ni mgeni. Nilipokuja Dodoma kusoma, wiki ya kwanza mwenzangu wa bweni aliniuliza kama nina mswaki. Tangu siku hiyo mpaka leo hucheka nikiwa nimefunga mdomo kwa kiganja. Meno ni yaleyale, basi lilinisogeza kilomita mia mbili na kitu tu. Swali la huyo mtoto, dada, nimelisoma mara tatu.

Fundi_Ilazo alijibu:

Naheshimu maelezo yote, lakini maisha hayamsubiri mtoto. Mkasi umetengenezwa kwa mkono wa kulia, mashine nyingi za karakana vivyo hivyo, na viti vya kumbi za vyuo vyenye kibao cha kuandikia vimewekewa kibao upande wa kulia. Mzazi anayembadilisha mtoto mapema anampunguzia taabu ya baadaye. Kama tunakubali kumfundisha mtoto kutumia jembe, kwa nini tusimfundishe kutumia mkono unaolingana na vifaa vilivyopo?

Mwalimu_Mstaafu_Kongwa alijibu:

Ndugu yangu Fundi, hoja yako ina uzito, na ni kweli kwamba mtoto huyu atakutana na mikasi mingi isiyomkata hata karatasi. Ila tofautisha kumfundisha mtu kutumia kifaa na kumfundisha kuudharau mkono. Mtoto wa mashoto hujifunza mwenyewe mkasi wa mkono wa kulia, kwa sababu hana budi, na wengi wao huishia kuwa na mikono miwili inayofanya kazi kuliko sisi. Yule seremala niliyemtaja hupiga randa kwa mkono wowote. Nilimwuliza alijifunzaje. Akanijibu kwamba kulia alijifunza kwangu kwa rula, na kushoto alijifunza kwa siri nyumbani, na kwamba ile ya siri ndiyo anayoitumia kazi inapotaka umakini.

MamaWawili_Nzuguni aliandika:

Nawashukuru sana nyote, na samahani kwa kuchelewa kurudi. Jumamosi nilikwenda Mvumi na mtoto, nikaona niwaeleze ilivyokuwa.

Sikwenda na hoja za Wafaransa, ingawa nimezisoma zote. Nilikaa na mama jikoni tukichambua mboga, nikamwuliza habari za ile alama ya paji la uso. Alinieleza kwa kirefu kuliko nilivyowahi kumsikia: aliyemchora, jinsi alivyojikaza asilie, na jinsi msichana asiye na alama enzi hizo alivyoitwa majina. Kisha yeye mwenyewe akasema kwamba siku hizi wanaoitwa majina ni wenye alama. Nikamwambia swali alilouliza mjukuu wake, nililinukuu kama nilivyoliandika hapa, bila kuongeza neno. Alinyamaza muda mrefu, akaendelea kuchambua.

Mchana ule kulikuwa na maandalizi ya harusi ya jirani, na mama ni mpigaji wa siku nyingi wa muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo. Binti yangu alikaa miguuni pake akimtazama ameibana ngoma katikati ya magoti, mikono yote miwili ikishuka kwa zamu. Wakati wa mapumziko alimwuliza bibi yake kama mkono wa kushoto wa kupigia ngoma nao ni wa chooni. Akina mama wote walicheka, mama hakucheka. Alimpa ngoma ajaribu, na alipoona mtoto anaanza kwa kushoto, hakusema lolote.

Jioni tulikubaliana hivi, na ni yeye aliyependekeza. Chakula cha pamoja na kumpa mgeni kitu itakuwa kwa mkono wa kulia, na hapo nakubaliana naye na ndugu yetu wa Kondoa, maana sitaki mtoto aonekane hana adabu kwa watu wake. Mtoto akauliza, "Na kalamu, bibi?" Mama akamjibu, "Kalamu hailiwi." Kile kipande cha kanga amekirudisha kwenye matambara ya kushikia sufuria.

Halijakwisha. Bado anauficha mkono mbele ya watu wazima, leo asubuhi ameuficha mbele ya muuza maziwa. Kesho nakwenda kumwona mwalimu mkuu kuhusu ile rula na kuhusu nafasi ya mwisho wa dawati upande wa kushoto. Mwalimu, naomba unieleze jambo moja kabla sijalala: darasa lao wanakaa watatu kwa dawati, na nafasi hiyo ina mtoto mwenye macho mabovu aliyewekwa karibu na dirisha. Nifanyeje ili wangu asimwondoe mwenzake?

Mwalimu_Mstaafu_Kongwa alijibu:

Omba dawati la nyuma yake, mama, nafasi ileile ya kushoto. Mwenye macho mabovu abaki mbele alipo. Na ukimaliza na mwalimu mkuu, muulize kwa upole kama kuna watoto wengine wa mashoto katika darasa hilo, maana kwa hesabu ya mtaabibu hapo juu wanaweza kuwa saba, na huenda sita wanaandika kwa kulia kwa sababu waliiona ile rula.